Kabla ya kununua moduli ya redio, jiulize kimya chake kina maana gani

Saa kumi na moja alfajiri mama aliniamsha bila kuniita jina. Alisimama mlangoni na tochi ya simu, akasema tu, "Kuja uone kazi ya mtambo wako."

Kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu hapa Kayole, vifaranga 41 kati ya 100 walikuwa wamekufa. Stima ilipotea usiku, balbu nyekundu ya joto ikazima, vifaranga wakakimbilia kona moja, wa juu wakawalalia wa chini. Walikuwa na siku tano. Umri huo kifaranga anataka joto la kama nyuzi 32 hadi 35, na hana manyoya ya kujitetea.

Sasa sikiza sehemu inayouma. Kando ya kitanda cha mama kulikuwa na kisanduku nilichomtengenezea, chenye kioo kidogo na kengele. Kazi yake ilikuwa kupokea joto la bruda kwa redio, na kulia likishuka chini ya nyuzi 30. Tulipokiangalia asubuhi hiyo kilikuwa bado kinasema 33.

Vifaranga wamekauka, kisanduku kinasema 33. Na pesa za vifaranga zilikuwa mkopo wa chama.

Naandika haya kwa sababu tangu nianze kuonyesha vitu ninavyotengeneza nyumbani, swali ninaloulizwa sana na vijana wenzangu ni lile lile: "Bro, nataka kuweka vihisi nyumbani. Ninunue moduli gani ya redio?" Mwingine anataka kujua maji kwenye tangi la juu yamebaki kiasi gani kabla siku ya mgao haijafika. Mwingine anataka kujua mlango wa duka la mamake ukifunguliwa usiku. Kila mmoja anatarajia nitaje jina moja na bei.

Jibu langu siku hizi ni refu kidogo. Nunua redio ambayo ikinyamaza, utajua kuna shida. Kama kunyamaza kwake ni jambo la kawaida, hiyo ni pambo. Na pambo linaloaminiwa ni hatari kuliko kukosa mtambo kabisa.

Kosa lilianza dukani

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa, na sitadanganya, hata hamu ilikuwa imeisha. Tulikuwa tumeandika madaftari mawili kuhusu mawimbi ya redio na hatukuwa tumeshika moduli hata moja. Kwa hivyo masomo yangu ya kweli nimeyapata Luthuli Avenue, nikisimama kwenye kaunta za vioo nikiuliza maswali hadi mwenye duka achoke.

Siku ile ya kwanza niliuliza swali moja tu: "Boss, hii inafika wapi?"

"Hii ni mita mia moja, hakuna stori."

Nikalipa. Zilikuwa zile moduli mbili za megahezi 433 zinazouzwa pamoja, kirushi kidogo cha mraba na kipokezi kirefu. Bei yake ni kama sahani moja ya chipsi na kuku. Nikatoka nikijiona injinia.

Kutoka bruda hadi kitanda cha mama ni mita 14. Nilikuwa nimenunua mita mia moja kwa kazi ya mita 14, nikaona nimejipa nafasi ya kutosha. Kumbe umbali haukuwa shida yangu hata siku moja.

Moduli hizo zinaongea upande mmoja. Kirushi kinapiga kelele hewani, kisha kinalala. Hakijui kama kuna mtu amesikia. Kipokezi nacho kinasikiliza kila kitu kilicho kwenye masafa yale: rimoti za magari, za mageti, kengele za milango, na kelele tupu wakati hakuna anayerusha. Ujumbe ukiharibika njiani umeharibika. Hakuna anayesema "rudia, sijakusikia."

Nilijua hilo kwa kichwa. Kwa hivyo mwanzoni niliweka sharti kwenye programu kwamba kisanduku kikikaa dakika tano bila kupokea kitu, kilie. Wazo zuri, sindio? Usiku wa kwanza kililia mara sita. Mama anaamka, anavaa leso, anatoka nje na tochi, vifaranga wako sawa. Usiku wa pili mara nne. Usiku wa tatu akaniambia, "Mwanangu, hiki kitu chako kitaniua kabla ya hao kuku."

Nikafanya nini? Nikaondoa lile sharti. Nikaacha kengele ilie tu joto likishuka. Kisanduku kikatulia, mama akalala, kila mtu akafurahi.

Halafu stima ikapotea. Kirushi kilikuwa kinatumia soketi moja na ile balbu, kwa hivyo vyote viwili vilizima pamoja. Kisanduku cha mama kilikuwa kwenye pawabenki, kikabaki hai kikionyesha namba ya mwisho kilichopokea. 33, usiku kucha.

Ukitaka kunilaumu, nilaumu. Kuweka kirushi kwenye soketi ya balbu ni ujinga wangu. Kuonyesha namba bila kuonyesha umri wa namba ni ujinga wangu pia. Lakini angalia vizuri mahali mambo yalianzia. Redio ilikuwa inapoteza ujumbe mara nyingi kiasi kwamba kimya chake hakikuwa na maana, ndiyo maana nikazima kengele ya kimya. Na kabla ya mtambo wangu, mama alikuwa akiamka mwenyewe saa nane usiku kuwaangalia. Mimi ndiye nilimwambia alale.

Moduli zilizoko, bila chumvi

Wacha tupitie zinazopatikana kwa urahisi. Nitaziangalia kwa macho ya mtu ambaye amepoteza vifaranga.

Zile za 433 za upande mmoja bado zina kazi yake. Kengele ya mlango, sawa. Kitu ambacho kikikosa kufika mara moja utabonyeza tena. Ukizitumia, chomelea waya wa sentimita 17.3 kama antena kila upande, hiyo ni robo ya wimbi lake la sentimita 69. Watu wengi huziacha bila waya kisha wanashangaa hazivuki ukuta. Tuma kila ujumbe mara kadhaa, na utumie maktaba ya programu inayokagua kama ujumbe umefika mzima. Lakini usiweke juu yake kitu chenye uhai.

Ya pili ni waifai, yaani ESP8266 na ndugu yake ESP32 kutoka Espressif ya China. Hapa ndipo vijana wengi wanaenda moja kwa moja, na naelewa. Moduli moja ina ubongo na redio, unaona data kwa simu, na mafunzo yamejaa kila mahali. Waifai pia inaongea pande mbili, kila ujumbe unajibiwa. Mbona basi nisiwaambie wote wanunue hiyo?

Sababu ya kwanza ni ruta. Stima ikipotea, ruta inazima, na wakati stima imepotea ndio hasa nataka kusikia kutoka kwa bruda. Sababu ya pili mtu wa ploti ataielewa bila kuelezwa. Intaneti yetu tunachanga nyumba kadhaa. Kila mwisho wa mwezi kuna msee hajalipa, kwa hivyo nywila inabadilishwa usiku bila tangazo. Vihisi vyako vyote vinakufa kwa sababu jirani wa namba tano hajatoa mchango. Unacheka, lakini hiyo ni sehemu ya mtandao wako, upende usipende.

Sababu ya tatu ni betri, na hapa fanya hesabu mwenyewe. ESP8266 ikiwa macho kwa waifai inakula kama miliampia 70 hadi 80, na inaporusha inaweza kuruka hadi 170. Tuseme inaamka kila dakika tano, na inachukua sekunde tano kutafuta ruta, kuingia, kutuma na kulala tena. Kwa wastani hiyo ni miliampia 1.3. Betri ya miliampia-saa 2,000 itakupa kama siku 62 kwenye karatasi. Sasa taka ujumbe kila dakika moja, kama ninavyotaka kwa vifaranga. Siku 62 zinakuwa 12.

Kuna njia ya katikati inaitwa ESP-NOW, ambapo moduli mbili za Espressif zinaongea moja kwa moja bila ruta. Ujumbe mmoja wa toleo lake la kwanza unabeba hadi baiti 250, na mtumaji anaambiwa kama umefika. Kama tayari unazo ESP nyumbani, jaribu hiyo kabla ya kununua kitu kipya. Inaondoa ruta na jirani wa namba tano kwa mpigo mmoja, na kwa kuwa hakuna kuingia kwa ruta, muda wa kukaa macho unapungua sana.

Ya tatu ndiyo niliyochagua mwishowe: nRF24L01+, chipu ya Nordic Semiconductor ya Norway. Inatumia gigahezi 2.4, sawa na waifai, lakini ni lugha yake yenyewe. Ujumbe wake ni mdogo, baiti 32 tu. Joto la bruda, namba ya betri na hesabu ya ujumbe vinaenea na nafasi inabaki. Kipokezi kimoja kinaweza kusikiliza vihisi sita kwa anwani tofauti. Ikiwa kazini inakula kama miliampia 11 hadi 14, ikilala ni chini ya maikroampia moja.

Kilichonishika ni kwamba chipu yenyewe inasubiri jibu. Isipopata inarudia, hadi mara 15 ukiiambia hivyo, na ikishindwa inakuambia imeshindwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu anayepiga kelele dirishani na mtu anayepiga simu.

Lakini nRF24 ina maringo, na nusu ya watu wanaoitupa wanaitupa kwa sababu hizi. Kwanza, inataka volti 3.3. Pini zake za data zinavumilia 5, lakini pini yake ya umeme ukiipa 5 umeiua, na haitoi moshi kukuaga. Pili, inachukia umeme unaotetemeka. Chomelea kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya umeme na gandi, karibu kabisa na moduli. Ni ya bei ya peremende, na wengi wanaolia ati moduli ni feki wangenyamaza wakiiweka. Tatu, ni kweli feki zipo, chipu za kuiga zenye chapa ile ile. Nunua mbili zaidi ya unazohitaji na uzijaribu zote. Nne, ile yenye antena ndefu, inayouzwa kwa jina la mita elfu moja, inakula zaidi ya miliampia 100 ikirusha, kuliko pini ya 3.3 ya Arduino Uno inavyoweza kutoa. Kwa mita 14 huihitaji.

Halafu kuna LoRa. Hii ndiyo inayopendwa na marafiki zangu wa stori za kilomita kumi. Mbinu yake ilianzia Ufaransa kwa kampuni ya Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Ni kazi ya ajabu kweli, inaweza kusikia ujumbe ulio dhaifu kuliko kelele zilizouzunguka. Kama una shamba na tangi liko ng'ambo ya bonde, nenda nayo na sitakuzuia. Lakini umbali huo unanunuliwa kwa muda. Ikiwekwa kwenye mwendo wake wa mbali zaidi, ujumbe mfupi wa baiti chache unaweza kukaa hewani zaidi ya sekunde moja. Sasa fikiria vihisi kumi vyenye kutuma na kujibiwa kila dakika, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize kuongea. Ndani ya ploti hiyo ni kama kukodi lori kubeba kilo mbili za unga.

Na kama unanunua LoRa, au RFM69 ya HopeRF, angalia namba kwa makini kabla ya kulipa. Zinakuja za 433, 868 na 915, sura moja, bei moja. Ya 915 imelengwa soko la Marekani, ambako megahezi 902 hadi 928 ziko wazi kwa vifaa kama hivi. Huku kwetu, simu za GSM 900 hutumia 880 hadi 915 kurusha kuelekea kwenye mnara. Unaona zinavyokanyagana. Masafa hapa Kenya yanapangwa na Mamlaka ya Mawasiliano, na ina mwongozo wa vifaa vya nguvu ndogo. Usome kabla ya kununua chochote, na ukiulizwa na muuzaji "unataka gani?", usijibu "yoyote tu."

RFM69 naitaja kwa heshima. Inaongea pande mbili, inatumia masafa ya chini kuliko 2.4 kwa hivyo inavuka kuta za mawe vizuri zaidi, na inaficha ujumbe kwa ufunguo wa AES wa biti 128 ndani ya chipu yenyewe. Kama kihisi chako ni cha mlango au kufuli, kufichwa kwa ujumbe si anasa, na nRF24 haina kitu hicho. Ningeichukua, ila maduka niliyopitia hayakuwa nayo, na kuagiza nje kungechukua wiki nyingi kuliko vifaranga walivyokuwa tayari kusubiri. Hilo nalo ni kigezo. Moduli nzuri ambayo ikifa huwezi kuibadilisha Jumamosi hiyo hiyo si nzuri sana.

Nyumba yako ndiyo karatasi ya vipimo

Mita mia moja za muuzaji hupimwa uwanjani, pasipo na kitu kati ya redio mbili. Kayole haina uwanja kama huo. Mimi nina kuta mbili za mawe, kibanda cha mabati, tangi la maji, na majirani wenye ruta zao na spika za Bluetooth zisizolala.

Mabati yanarudisha mawimbi yote, ya juu na ya chini. Kinachotoka kinapitia dirishani na kwenye nyufa. Na hapa nilijifunza kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Dirisha la kibanda chetu lina upana wa sentimita 30. Kwa wimbi la 2.4, lenye urefu wa sentimita 12 na nusu, hilo ni geti. Kwa wimbi la 433, lenye sentimita 69, ni kijishimo. Watu wanasema 433 inapenya kuliko 2.4, na kwa kuta za mawe ni kweli. Kwa sanduku la bati lenye dirisha dogo, hadithi inaweza kugeuka. Maji nayo yanakula mawimbi ya 2.4, kwa hivyo usiweke kihisi upande mmoja wa tangi lililojaa na kipokezi upande wa pili.

Ndiyo maana nasema usimwamini mtu yeyote kuhusu umbali, hata mimi. Pima. Nilifanya hivi: kihisi kinatuma ujumbe 100 wenye namba, nikiwa nimezima kurudia, na kipokezi kinahesabu zilizofika. Mara ya kwanza, nRF24 ikiwa imelala katikati ya kibanda, zilifika 61. Nikachomelea kapasita, zikafika 84. Nikaihamisha hadi dirishani, nikashusha mwendo wa data hadi kilobiti 250 kwa sekunde na kuchagua chaneli ya 76, ambayo iko juu ya chaneli 11 ya waifai lakini bado ndani ya masafa huru yanayoishia megahezi 2,483.5. Zikafika 98. Nikawasha kurudia, nikaiacha usiku mzima. Hakuna hata dakika moja iliyopotea.

Pesa niliyotumia kutoka 61 hadi 98 ilikuwa ya kapasita. Zilizobaki zilikuwa miguu na subira. Hakuna moduli ya bei ghali ambayo ingeniondolea kazi hiyo.

Kwa nini usivute waya tu?

Hili ni swali zuri, na wazee wa mtaa hulipenda. Nami nakubaliana nao zaidi ya wanavyodhani. Kama unaweza kuvuta waya, vuta waya. Waya hauna jirani wala nywila. Kwetu, kati ya kibanda na nyumba kuna njia ambayo si yetu peke yetu, na mwenye ploti wa upande ule hataki kusikia habari ya waya unaopita juu ya kamba zake za nguo. Bila hivyo, nisingenunua redio yoyote.

Wengine wananiambia, "Si ununue kamera tayari kabisa?" Kamera inataka waifai, na waifai inataka stima. Tunarudi pale pale.

Mtambo wa pili

Mama alinunua vifaranga wengine baada ya miezi mitatu, 60 safari hii. Hakuniomba mtambo, mimi ndiye nilimwomba ruhusa.

Kihisi cha sasa ni DS18B20 kwenye Arduino Pro Mini ya volti 3.3, ile ndogo, nikiwa nimeng'oa taa yake ya umeme maana inakula betri usiku na mchana bila faida. Umeme wake ni betri tatu za AA, kando kabisa na soketi ya balbu. Inaamka kila dakika, inapima, inatuma, inasubiri jibu, inalala. Kisanduku cha mama kiko kwenye pawabenki. Kioo chake kinaonyesha namba mbili: joto, na sekunde tangu ujumbe wa mwisho. Zikipita dakika tatu bila neno, kinalia, hata kama joto la mwisho lilikuwa 33.

Nilirudisha lile sharti nililoliondoa. Tofauti ni kwamba sasa redio inastahili kuwekewa sharti hilo. Mwezi wa kwanza kilio cha kimya kilitokea mara moja tu, na sababu ilikuwa mdogo wangu ambaye alitoa betri za AA akaweka kwa rimoti ya TV. Mama alitoka na tochi, akakuta kihisi kiko uchi. Hiyo ndiyo maana ya redio nzuri. Ilisema kuna shida, na shida ilikuwepo.

Kisha stima ikapotea tena, siku ya tisa ya vifaranga. Saa nane na dakika arobaini kengele ikalia kwa joto, 29 na linashuka. Tulikuwa tumejipanga. Sufuria ya maji ilikuwa tayari juu ya gesi, tukajaza mitungi minne, tukaifunga kwa magunia, tukaipanga katikati ya bruda. Tukakaa pale hadi kulipopambazuka, mama akiwa amekalia debe, mimi nikiwa nimesimama. Hakufa hata mmoja usiku ule.

Najua kuna watu wataona hii ni stori ndogo, kuku na vimoduli. Lakini kizazi chetu kinanunua vitu kwa namba kubwa iliyo kwenye boksi. Simu kwa megapikseli, spika kwa wati, redio kwa mita. Muuzaji anajibu anachoulizwa, na sisi tunauliza "inafika wapi?" kwa sababu ni swali rahisi. Swali gumu ni lile la kuuliza nyumbani: nani atalala kwa sababu ya kifaa hiki, na kikishindwa, atajuaje? Ukilijibu hilo kwanza, orodha ya moduli inajipunguza yenyewe hadi mbili au tatu, na hapo bei na duka la karibu vitamaliza kazi.

Kwa hivyo ukija kuniuliza ununue gani, jiandae kuulizwa pia. Betri yako itatoka wapi stima ikipotea? Kati ya redio mbili kuna nini, mawe, mabati au maji? Na ujumbe mmoja ukipotea, ni nani analipa?

Kuhusu mama, bado anaamka mara moja kila usiku vifaranga wakiwa wadogo. Hatoki nje tena. Anageuza kisanduku, anasoma namba ya sekunde kabla ya namba ya joto, kisha anarudi kulala. Sijamwambia aache.